Mwamba mkavu, jua la saa tano: wanaishije chaza, konokono na kaa?

Kila redio inapotaja joto la bahari na matumbawe kupauka, barazani hutokea mtu mwenye jibu tayari: "Mbona chaza hawafi? Jua lote lile la saa sita wako palepale mwambani. Wale wameshazoea, na hao wengine watazoea." Hoja hiyo ina mvuto wake, na nusu yake ni kweli. Chaza aliyeganda kwenye ukuta wa mwamba kule Mangapwani huvumilia jua ambalo tumbawe lililo mita chache chini yake lisingelihimili. Tatizo liko kwenye nusu ya pili, ile inayochukulia kwamba mwenye kuvumilia mengi anaweza kuongezewa zaidi. Kwa viumbe wa mwambani mambo yako karibu kinyume, na ili kuona kwa nini, inabidi tuanze na jiwe lenyewe na maji yanayolifunika na kuliacha.

Ninaposema mwambani nina maana ya ile sehemu ya mawe inayozama maji yakijaa na kubaki wazi yakipwa, pamoja na ukingo wa juu yake unaopata marasharasha ya mawimbi tu. Hapa kwetu Unguja na Pemba jiwe hilo karibu kila mahali ni matumbawe ya kale. Miaka kiasi cha 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na matumbawe yakastawi mahali ambapo sasa tunajenga nyumba na kuchimba visima. Bahari iliposhuka yakabaki juu, yakashikamana kuwa jiwe. Ndilo lililojenga kuta za Mji Mkongwe, na ndilo linalochomwa chokaa. Lina tabia moja inayowaudhi wenye kupita kwa miguu: mvua na bahari hulila, likabaki na meno makali na matundu yasiyohesabika. Ndara haidumu juu yake. Lakini kwa mnyama wa ukubwa wa punje ya mahindi kila tundu ni kivuli, na mwambani kivuli ndicho kinachoamua nani aione jioni.

Maji nayo yana hesabu yake. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50, kwa kuwa mwezi nao huchelewa kuchomoza. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja. Hapo ndipo huja bamvua, na maji ya Unguja hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 4. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta upande wake, yakaja maji mafu yanayosogea mita 1 hivi tu. Hayo kila mvuvi anayajua. Ambalo wengi wetu hatulitilii maanani ni saa. Kwa kuwa bamvua hutokana na jua na mwezi kwa pamoja, hurudi saa zilezile kila mara: visiwani kwetu hujaa karibu na saa kumi, na hupwa saa nne mpaka saa tano, asubuhi na usiku. Kina mama wanaokwenda na mtaimbo na ndoo kutafuta pweza na chaza hupanga siku zao kwa hesabu hiyo.

Kwa viumbe, saa hiyo ni mtihani. Wanaoishi chini kabisa huachwa wazi siku chache tu za bamvua, lakini siku hizo huachwa wazi jua likiwa linaelekea utosini. Wanaoishi juu kabisa wana shida ya namna nyingine. Kipindi cha maji mafu bahari haiwafikii, na wanaweza kukaa siku kadhaa mfululizo bila kuguswa na kitu zaidi ya marasharasha. Kwa hiyo "viumbe wa mwambani" si watu wa hali moja. Kutoka juu hadi chini ni mita 4 tu, na ndani ya mita hizo kuna anayekaribia kuishi nchi kavu na kuna anayekaribia kuishi baharini.

Tuanze juu, kwenye ule mkanda mweusi unaofanya jiwe lionekane limeungua. Weusi huo si mafuta ya meli wala uchafu. Ni viumbe wadogo mno wasioonekana kwa jicho mmoja mmoja, wanaojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, baadhi yao wakiwa wamejichimbia ndani ya jiwe kukwepa ukavu. Konokono wadogo, wengine hawazidi punje ya mtama, huja kuwakwangua na kuwala. Jua likishakuwa kali, inama umtazame mmoja kwa karibu. Mguu umeshaingia ndani na mlango umefungwa. Konokono ametundikwa kwa ute uliokauka, na ni ukingo wa gamba tu unaogusa jiwe. Ukimgusa kwa ncha ya kidole anaanguka, na mtoto atasema amekufa.

Hajafa. Jiwe lililopigwa jua la tropiki linaweza kuzidi nyuzi joto 50, na mguu laini uliolala juu yake ungelipokea joto hilo lote. Kwa kujitundika kwa ute, konokono amepunguza sehemu inayogusana na jiwe ikawa karibu si kitu. Mtie kwenye maji ya bahari, ngojea kidogo, na mlango utafunguka, pembe mbili zichungulie.

Konokono wa jamii hiyo waliochunguzwa Brunei walionyesha jambo jingine lililowashangaza watafiti. Kwa kawaida mwili wa mnyama asiyejipashia joto mwenyewe huenda mbio kadiri joto linavyopanda: moyo hupiga haraka na akiba ya chakula huungua haraka. Hawa, joto likishapita kiwango fulani, mwili hupunguza mwendo. Hujizima karibu kila kitu wakangoja maji. Ni mbinu nzuri sana ya kuvuka siku moja mbaya, lakini aliyejizima hali, hakui wala hazai. Hilo tutalirudia.

Chini yao kidogo kuna konokono wakubwa zaidi, wa mviringo, wenye gamba nene, baadhi weupe na wenye matuta. Hao hubeba maji yao. Bahari ikiondoka hufunga mlango mgumu uliolingana sawasawa na tundu la gamba, na ndani hubaki akiba. Jua likizidi, baadhi huacha sehemu ya akiba hiyo ifuke ili wapoe. Weupe wa gamba nao hurudisha mwanga. Tatizo ni kwamba akiba hiyo haijazwi mpaka bahari irudi, na ndiyo maana wengi wao hula usiku au jiwe likiwa bado limelowa, na mchana huwakuti uwanjani. Wamejibana kwenye ufa, mmoja juu ya mwenzake.

Chaza hana ufa wa kukimbilia. Alijigandisha kwenye jiwe alipokuwa mdogo kuliko nukta, na hatahama maisha yake yote. Ulinzi wake ni kufunga. Msuli mmoja hukaza magamba mawili mpaka kisu kinapata taabu kupenya. Lakini kufunga kunaleta deni. Oksijeni ya ndani hupungua, na mwili unalazimika kupata nguvu bila oksijeni, njia inayotoa nguvu kidogo na taka zenye asidi. Asidi ikirundikana huua. Chaza huituliza kwa kuyeyusha kiasi kidogo cha chokaa ya gamba lake mwenyewe kwa ndani. Bahari ikirudi hufunguka, hupumua kwa wingi kufidia alichokosa, kisha hujenga upya sehemu iliyolika. Fikiria hilo likifanyika mara mbili kwa siku, maisha yote. Na muda anaoweza kubaki amefunga una kikomo, ambacho hufika upesi zaidi siku ya joto kali.

Karibu na chaza kuna vile vigamba vidogo vyenye tundu kileleni, vinavyochana nyayo, ndugu wa wale wanaoganda chini ya mashua mpaka ipandishwe pwani ikwanguliwe. Wengi huvidhania aina ya kombe, na si kosa kubwa, kwa sababu vina gamba na haviendi popote. Kumbe ndani yake kuna jamaa wa kaa na kamba. Amejiweka kichwa chini, kichwa hicho kimegandishwa kwenye jiwe, na maji yakifika hutoa kwa juu miguu yenye manyoya kuchuja chakula. Maji yakiondoka miguu huingia na vibao vidogo hufunga tundu. Kwa kuwa hahami, hata kuoana kwake kuna mpango wake: kiungo chake cha uzazi hurefuka mpaka kwa jirani, na ukilinganisha na ukubwa wa mwili hakuna mnyama anayejulikana kumshinda. Nimesita kuliandika hili kwenye makala inayosomwa na watoto, lakini ndilo linaloeleza kwa nini husongamana kiasi kile. Aliyeganda mbali na wenzake ana taabu ya kupata mrithi.

Wapo na wanaotembea, ila kwa mwendo wao. Kuna yule mwenye gamba la umbo la kofia, na kuna yule bapa mwenye vibao vinane mgongoni, ambaye watu wengi humkanyaga wakidhani ni jiwe. Hutoka kula mwani mdogo uliotanda juu ya jiwe wakati jiwe limelowa, na baadhi yao hurudi kila mara mahali palepale, kwenye kitako walichokichonga kwa miaka kikalingana na mwili wao. Akikaa pale hakuna mwanya, na unyevu wake hautoki. Mwenye vibao vinane ana ulimi wenye safu za meno yaliyoimarishwa kwa madini ya chuma, ya aina inayovutwa na sumaku. Akikwangua mwani hukwangua na jiwe, hulimeza, hulitoa likiwa unga. Mmoja hawezi kuleta tofauti unayoiona kwa jicho. Maelfu, kwa karne nyingi, wakishirikiana na wadudu wanaochimba ndani na maji yanayoyeyusha chokaa, wameukata mwamba wa kwetu kwa chini mpaka ukawa na kichwa kipana na shingo nyembamba. Ukiliona lile jiwe la Pingwe lenye mkahawa juu yake, au visiwa vidogo vilivyotapakaa pembezoni mwa Unguja na Pemba, usiyape mawimbi sifa zote.

Kuhusu kuganda kwao kuna imani kwamba wana gundi. Kwa chaza ni kweli, amejenga kwa chokaa na haondoki. Yule wa kofia ni habari nyingine. Ukimjia ghafla ukampiga kwa pembeni anabanduka. Ukimgusa kwanza kisha ukarudi, utavunja kucha. Anashika kwa mguu wenye misuli, kwa ute unaonata na kwa kujivuta kama anayenyonya jiwe, na anaongeza nguvu akihisi hatari. Huo ndio ulinzi wake dhidi ya mawimbi pia. Upande wa mashariki, Matemwe mpaka Makunduchi, bahari kuu huvunjikia kwenye mwamba wa nje na kupunguza ukali, lakini palipo na mlango, au ufukweni penye mwamba usio na ukuta wa matumbawe mbele yake, kila wimbi ni kipigo. Huko hutaona kiumbe mrefu aliyesimama. Wote wamelala bapa.

Kaa ana faida ya miguu. Wale wepesi wa mwambani, wenye mwili bapa, hukimbia ukutani kwa pembeni na kujichomeka kwenye ufa ambao hungedhani unawatosha. Kaa anapumua kwa mashavu kama samaki, kwa hiyo lazima yabaki na maji, na akikaa nje muda mrefu huyazungusha maji yaleyale mara nyingi juu ya mashavu ili yapate hewa mpya. Hewa na maji vikichanganyika hutoka povu mdomoni. Watu husema kaa amekasirika, au ana sumu. Anapumua.

Yuko pia yule samaki mdogo wa rangi ya jiwe, asiyefika urefu wa kidole, anayeruka kutoka dimbwi hadi dimbwi ukikaribia. Huyo hupata sehemu ya hewa yake kupitia ngozi, mradi ngozi imelowa, na ndiyo maana haendi mbali na marasharasha. Akipinda mkia na kuufyatua, hupaa hatua nzima ya mtoto.

Nimetaja dimbwi. Wengi hudhani aliyebaki dimbwini maji yakipwa amepata bahati, kwa kuwa ana maji. Maji ya kifuu bahari ya chungu, lakini dimbwi la mwambani ni bahari yenye vituko. Saa tano za asubuhi likiwa na kina cha shibiri tu, hupata joto haraka kuliko bahari iliyo hatua chache pembeni. Maji yakifuka chumvi huzidi. Mvua ya masika ikipiga, juu hugeuka karibu maji baridi na chumvi hubaki chini. Mchana mwani uliomo hutoa oksijeni mpaka vipovu huonekana kwenye majani. Usiku mwani huohuo, pamoja na kila mnyama aliyemo, huitumia, na kabla ya alfajiri maji yanaweza kuwa yamechoka kabisa. Aliye juu ya jiwe anapambana na ukavu. Aliye dimbwini anapambana na maji yasiyoeleweka.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mimi nadhani ndilo kiini, na huulizwa mara chache: wanafuata nini huko juu? Ukitazama mikanda hii unaweza kuamini kwamba kila mmoja yuko mahali anapopapenda. Mwaka 1961 Joseph Connell, mwanasayansi wa Marekani, alichapisha majaribio aliyoyafanya kwenye mawe ya pwani ya Scotland. Alichukua aina mbili za vile vigamba vinavyochana miguu. Aina moja huishi juu na nyingine chini. Connell aliwaondoa wale wa chini kwenye baadhi ya mawe, na watoto wa aina ya juu walioshukia hapo wakaishi vizuri tu. Kumbe chini kulikuwa kunawafaa. Walikuwa hawaonekani huko kwa sababu jirani anayekua haraka huwapanda, huwabana na kuwang'oa. Aina ya chini nayo haikuweza kupanda, kwani jua la juu lilikuwa likiiua.

Kijana anayening'inia mlangoni mwa daladala hapendi upepo, ndani kumejaa. Chaza na vigamba wa juu wako katika hali hiyo. Kwa kawaida mpaka wa juu wa kiumbe wa mwambani huwekwa na jua na ukavu, na mpaka wa chini huwekwa na viumbe wenzake: wanaogombea nafasi, na wanaokula. Kwetu, wakati maji yamejaa, samaki na kaa hupanda kutafuta mlo, konokono walao nyama hutoboa magamba ya chaza, na pweza hutoka shimoni. Kila hatua unayoshuka ni saa nyingi zaidi mikononi mwa hao.

Hapa ndipo neno la barazani linapoteleza, kwa sababu linachanganya mambo mawili. Moja ni lile linalotokea ndani ya maisha ya mnyama mmoja. Chaza akipigwa na joto leo bila kufa, mwili wake hutengeneza protini maalumu za kukarabati zilizoharibika, na kesho au keshokutwa atavumilia kidogo zaidi. Huko ni kuzoea, na kupo. Lakini kuna kipimo chake, na kazi hiyo hula chakula ambacho kingemkuza au kumzalisha. Jambo la pili halitokei kwa mnyama mmoja hata siku moja. Chaza jike hutoa mayai kwa mamilioni. Watoto huelea baharini wiki mbili tatu, kisha hushukia jiwe lililo mbele yao. Karibu wote hufa. Wachache waliorithi gamba nene kidogo, au mwili unaohimili joto kidogo zaidi ya wenzao, hubaki na kuzaa, na watoto wao hurithi. Rudia hilo kwa vizazi maelfu, na utapata chaza wa leo.

Kwa hiyo tunapotazama ukuta wa mwamba tunaona waliosalia tu. Wale walioshukia nusu mita juu zaidi wakakauka siku ya tatu hatuwaoni, hawakuacha hata gamba. Kusema "mbona hawafi" ni kuhesabu walio hai peke yao.

Na matumbawe je, mbona wao ndio wanaotajwa redioni? Kwa sababu tumbawe hai ni ushirika. Ndani ya mwili wake hukaa mwani mdogo mno unaomlisha, na joto la maji likipanda kiasi cha nyuzi 1 tu juu ya kiwango cha kawaida cha msimu wa joto, likadumu kwa wiki kadhaa, ushirika huvunjika. Mwani hutoka, rangi huondoka, na hali ikiendelea tumbawe hufa njaa. Ilitokea magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, ikarudi 2016, na 2024 ikatangazwa kwa bahari za dunia nzima. Tumbawe limezoea maji yasiyobadilika sana. Chaza amezoea mabadiliko. Kwa hiyo mmoja hupauka mwingine akiwa mzima, na huo si ushahidi kwamba wa pili ana nafasi tele.

Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti wa kaa wadogo wa pwani ya Pasifiki ya Amerika, wa jamii moja lakini wanaoishi vimo tofauti vya mwamba. Wale waliovumilia joto kubwa kuliko wote ndio waliokuwa wakiishi karibu zaidi na kiwango kinachowaua, na ndio waliokuwa na uwezo mdogo zaidi wa kuongeza uvumilivu wakifundishwa taratibu. Walikuwa wameshatumia karibu kila walichonacho. Nikisikia mtu anasema chaza atazoea, huwafikiria kaa wale.

Wakulima wa mwani wa kwetu hawahitaji utafiti huo kuelewa. Kilimo kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ile aina yenye bei nzuri, kotonii, imekuwa ikifa mara kwa mara kwenye maji mafupi yanayopata joto, hata baadhi ya wakulima wakaisogeza kwenye maji marefu. Mwani wa kamba mtu anaweza kuuhamisha. Chaza hahamishwi.

Ila wale walio juu wanaweza kushuka, si kwa kutembea bali kwa vizazi: watoto wanaoshukia juu wakifa, mkanda wa chaza husogea chini. Na huko chini bado kuna konokono wanaotoboa, kaa, samaki na pweza. Jua linasukuma kutoka juu, walaji wanakaa palepale chini, na mkanda hupungua upana. Hili limeshapimwa kwingine. Kwenye pwani ya magharibi ya Kanada na maeneo ya jirani, utafiti uliotolewa mwaka 2011 ulilinganisha hali ya miongo kadhaa ukaona kome wa mwambani wamepoteza karibu nusu ya kimo chao cha kuishi, kwa sababu mpaka wa juu ulishuka na wa chini, unaolindwa na viti vya pweza (si pweza mwenyewe, bali wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota) wanaowala, haukusogea.

Anayetaka kuona jua likichora mpaka huo hahitaji kifaa. Bamvua lijalo, saa nne za asubuhi, atafute jiwe moja kubwa linalosimama peke yake, aangalie upande unaopigwa na jua na upande wenye kivuli. Jiwe ni moja na maji ni mamoja, lakini mara nyingi chaza wa kivulini watakuwa wamepanda juu zaidi. Akitaka kufuatilia, apige picha ukingo wao wa juu pamoja na tundu au ufa ulio karibu, aweke rula kando yake, kisha arudi mwaka mwingine, mwezi uleule, na picha ya kwanza mkononi.